Maji ya moto, jeli au wapiga dawa: kipi kwa mdudu yupi

Karibu kila asubuhi kijana mmoja hupita kwenye kichochoro chetu huku Igogo, Mwanza, akiwa na kispika begani. Sauti imesharekodiwa, yeye mwenyewe hatii neno: "Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto, sisimizi, chawa..." Ukimsimamisha anakutolea kichupa kimoja. Kwa wote hao, kichupa kilekile. Nimeshanunua mara mbili, na siwezi kumlaumu yeye kuliko ninavyojilaumu mimi, maana mara zote mbili sikuwa najua ninamnunulia nani dawa.

Wadudu hawa wanakaa nyumba moja, ila kila mmoja ana maisha yake. Kunguni hula damu tu, kwa hiyo ukimwekea chambo kitamu hata hageuki. Mende hula hadi gundi ya boksi, na tamaa hiyo ndiyo inayomuua. Sisimizi unayemwona ukutani ni kibarua tu, malkia yuko ndani ya ufa na hajui kama umepuliza chochote. Ndiyo maana hapa nalinganisha njia kwa mdudu mmoja mmoja, na kunguni nimempa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu ndiye aliyenitesa zaidi.

Kwanza, nani amekung'ata?

Mtu akiamka na vipele Mwanza, wa kwanza kusingiziwa ni mbu. Mara nyingi ni yeye kweli. Lakini kipele peke yake si ushahidi wa kutosha, ngozi za watu hazifanani. Mke na mume wanalala kitanda kimoja chenye kunguni, mmoja anajikuna mwezi mzima na mwenzake hana hata alama. Angalia zaidi vipele viko wapi. Kunguni hung'ata ngozi iliyokuwa wazi ukiwa umelala, mikono, shingo, mgongo, na mara nyingi huacha vipele vitatu vinne vilivyofuatana kama mshono. Kiroboto hupenda miguu, kuanzia kifundo hadi chini ya goti, na hasubiri ulale: atakung'ata mchana kweupe ukiwa kwenye kochi.

Jibu la uhakika liko kitandani. Washa tochi ya simu, inua godoro, fuata mshono wake wote, kisha chunguza pale chaga zinapokaa na pale ubavu wa kitanda unapoungana na miguu. Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, sawa na punje ya mchele, ila amebapa na ni mpana. Akiwa na njaa ni wa kahawia na mwembamba kama karatasi, akishashiba anavimba na kuwa mwekundu. Hana mbawa wala haruki, anatembea tu. Usipomwona mwenyewe, tafuta vitone vyeusi kama vya peni ya wino. Hicho ni kinyesi chake, ukikipangusa kwa kitambaa kibichi kinasambaa na kuacha rangi ya kutu. Mayai yake ni meupe, milimita moja, yamegandishwa kwenye mbao kama chembe za chumvi.

Kiroboto ni mdogo zaidi, kama punje ya ufuta, na mwili wake umebanwa ubavuni badala ya mgongoni. Ukimgusa anaruka. Njia ya kumthibitisha: vaa soksi nyeupe ndefu utembee chumbani dakika kumi, au usiku weka sahani ya maji yenye povu la sabuni sakafuni chini ya taa. Asubuhi utawahesabu.

Halafu kuna lile wingu la wadudu linalotoka ziwani, hasa karibu na mwezi kuandama, likajaa kwenye kila taa ya Kirumba na Capri Point. Hao hawaumi. Zima taa ya nje, funga dirisha, asubuhi fagia. Anayewapulizia dawa anachoma pesa.

Kunguni: njia tano, moja ndiyo nguzo

Mimi niliwaleta mwenyewe. Nilinunua kochi kwa mtu aliyekuwa anahama, zuri, bei ya kutupa, na sikujiuliza kwa nini ni bei ya kutupa. Baada ya wiki sita hivi chumba kilikuwa na ile harufu, nzito, yenye utamu wa kukera. Aliyewahi kulala gesti yenye kunguni anaijua.

Nilianza kama wengi wanavyoanza, kwa kopo la kupuliza. Usiku wa kwanza kulikuwa kimya. Usiku wa nne walirudi, na jirani wa chumba cha pili naye akaanza kujikuna. Yalikuwa mambo mawili. Makopo mengi ya dukani yana viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, na kunguni wameshavizoea. Mwaka 2002 watafiti waliandika kuhusu kunguni wa vijiji vya Tanzania vilivyokuwa vikitumia vyandarua vyenye dawa za jamii hiyo, kwamba tayari walikuwa sugu. Mbu nao wamefuata njia hiyohiyo. Hapa jirani, Misungwi, vilifanyiwa majaribio vyandarua vya aina nne, na matokeo yaliyotoka mwaka 2022 yalionyesha kuwa chandarua chenye pairethroidi kikiongezewa klofenapiri, dawa ya jamii nyingine, kiliwakinga watoto na malaria kuliko chenye pairethroidi peke yake. Kwa hiyo wadudu kutokufa si lazima iwe umeuziwa maji ya rangi. Jambo la pili ni nyumba zetu. Nyumba nyingi za kupanga kuta hazijafika kwenye bati. Dawa inawafukuza kunguni, nao wanapanda, wanavuka, wanashukia kwa jirani.

Njia hizo tano hizi hapa, jinsi ninavyoziona baada ya kuzipitia zote:

| Njia | Inaua mayai? | Ubaya wake | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Kopo la kupuliza | Mara nyingi hapana | Usugu, inawatawanya | Kama nyongeza tu |
| Maji yanayochemka, mvuke, pasi | Ndiyo, pale yanapofika | Kazi nyingi, kuungua | Karibu kila mtu |
| Kuanika juani | Mara chache | Joto haliingii ndani ya godoro | Nguo kwenye mfuko mweusi uliofungwa |
| Makopo chini ya miguu ya kitanda | Hapana | Hayaui, yanazuia tu | Baada ya kusafisha kitanda |
| Wapiga dawa | Inategemea dawa, na wanarudi mara ngapi | Gharama, kuhama siku nzima | Nyumba nzima ikishaingiwa |

Nguzo ni joto, maana joto halina usugu. Kunguni mkubwa hufa akikaa kwenye nyuzi 45 kwa saa moja na nusu hivi, mayai yanahitaji nyuzi 48 kwa muda kama huo, na zikipita 50 wote hufa upesi. Maji yanayochemka hayaulizi umri. Mashuka, mapazia, nguo na chandarua cha kawaida vinaloweshwa kwenye maji ya moto sana. Chandarua chenye dawa usikichemshe, utaiharibu dawa yake. Hicho kikung'ute nje, kikague, ukifue kwa maji ya kawaida na sabuni ya kipande, kisha ukianike kivulini. Mishono ya godoro piga pasi ya mvuke, au pasi ya kawaida juu ya kitambaa kibichi, taratibu, sentimita kwa sentimita. Godoro la sponji usilimwagie maji ya moto, litakaa na unyevu wiki nzima na kuota ukungu.

Jua la Mwanza linadanganya. Mchana wetu ni kama nyuzi 28, tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na godoro lililoanikwa juu ya jiwe linapata moto upande mmoja tu. Kunguni anahamia upande wa pili, anasubiri. Nguo zilizofungwa ndani ya mfuko mweusi wa taka na kulazwa kwenye bati la kibaraza ni habari nyingine, mle ndani joto linapanda kweli, mradi mfuko usiwe umejazwa ukabana.

Siku niliyoamua kumaliza niliazima spana nikakifungua kitanda chote, nikatoa vipande nje kwenye mwamba ulio nyuma ya nyumba. Sufuria mbili zilikuwa zinachemka. Kwenye tundu moja la bolti, ambalo kidole changu cha mwisho hakiingii, nilimimina maji nikawahesabu kumi na mmoja wakitoka wanaelea, wakubwa kwa wadogo, na chembe nyeupe za mayai zikifuata. Mama mwenye nyumba akatokea kanga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, hao umewatoa wapi?"

"Kwenye lile kochi, mama."

Akatazama huku na huku. "Basi sema polepole. Wapangaji wakisikia watanihama."

Hapo ndipo vita vingi vya kunguni vinapopotelea. Kila mtu anaficha, kila mtu anapulizia chake kimyakimya, na kunguni wanazunguka vyumba kama wageni wa harusi. Tulikubaliana naye tukawaambia wote, na Jumamosi moja vyumba vitano vikatoa vitanda nje pamoja. Aibu iliisha kabla ya saa tano, kwa sababu hakuna kitanda kilichotoka kikiwa kisafi.

Usifanye mara moja ukajipongeza. Kwenye joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10, na wanaoanguliwa ni wadogo, rangi ya maji ya chai hafifu, huwaoni mpaka washibe damu. Rudia kila wiki, mizunguko minne. Ufa wa ukuta uzibe kwa saruji au plasta. Kuhama chumba cha pili ukidhani watakufa njaa ni kujisumbua, wanaweza kukaa miezi bila kula.

Makopo chini ya miguu ya kitanda wazee wetu waliyajaza mafuta ya taa. Mafuta ya taa chini ya kitanda, mshumaa juu ya stuli, umeme umekatika: sihitaji kueleza zaidi. Tumia maji yenye sabuni. Kunguni wa ukanda wetu wa joto wana miguu inayoshika hata plastiki laini, kwa hiyo kopo kavu wanapanda wakitoka, lenye maji ndimo wanamozama. Na shuka lisiguse sakafu, wala kitanda kisiguse ukuta, vinginevyo umewajengea daraja.

Wapiga dawa nawashauri kwa nyumba iliyoingiwa yote au mtu asiyeweza kubeba vitanda, mzee au mama mjamzito. Kabla hujatoa hela waulize maswali matatu: kiuatilifu kinaitwaje, watarudi lini mara ya pili, na watu wakae nje saa ngapi. Anayesema "dawa yetu ni siri ya kampuni" mwambie asante. Viuatilifu vyote halali nchini vinasajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kopo lake lina lebo inayosomeka. Kilichohamishiwa kwenye chupa ya soda kisiingie ndani ya mlango wako.

Na vile vidonge vya kufukizia nafaka, vya kijivu, kamwe visiwekwe chumba cha kulala. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, nayo hupenya mlango na ufa wa ukuta hadi chumba cha pili. Imeshaua familia zilizolala. Mtu akikushauri hivyo kwa ajili ya kunguni, hata awe mjomba wako, mkatalie.

Kiroboto, kwa ufupi

Usianze na chumba, anza na mnyama. Mbwa, paka, kuku wanaolala kibarazani. Mtibu mnyama kwa dawa ya duka la mifugo iliyo ya aina yake, maana baadhi ya dawa za mbwa zina pemethrini na huua paka. Kisha fagia kila siku, hasa chini ya kochi na kwenye mikeka, na utupe takataka nje mbali. Mtoto wa kiroboto akishajifunga kwenye kifuko chake dawa haimpati, anakaa humo wiki nyingi akisubiri mtikisiko wa miguu. Ndiyo maana nyumba iliyokaa tupu miezi miwili inakushambulia siku ileile unapoingiza vyombo.

Mende: kwanza ujue ni yupi

Kuna wawili, na watu wanawaweka kapu moja. Mkubwa, wa sentimita 4 hivi, mwekundu wa kahawia, anayeruka mvua ikikaribia na kumtoa mtu mbio, makazi yake ni chemba ya choo na mifereji. Huyo ni mgeni. Ziba ufa wa mfuniko wa chemba, weka wavu kwenye tundu la bafu, usiku funika sinki. Kopo la kupuliza linamtosha aliyekwisha kuingia.

Mdogo, wa sentimita moja na nusu, wa rangi ya maji ya chai, mwenye mistari miwili ya giza nyuma ya kichwa, huyo ni mwenyeji. Anaishi nyuma ya friji penye joto la mota, ndani ya bawaba za kabati, chini ya jiko la gesi. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 mpaka karibu na kuanguliwa, na kifuko hicho hakijali dawa ya kupuliza.

Kwa huyu mdogo nilijaribu vitu vitatu. Chaki ya mende ni rahisi na inaua anayepita juu ya mstari, lakini imefanana na chaki ya shule, na kwangu kuna mtoto wa miaka minne anayechora kila ukuta. Ilitoka siku hiyohiyo. Kopo la kupuliza linakupa furaha ya macho: unaona maiti kumi asubuhi, na mia wako ndani ya kabati. Jeli, ile inayouzwa kwenye bomba la sindano, haina furaha yoyote siku ya kwanza. Unaweka vitone vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, ishirini au thelathini, kwenye bawaba, nyuma ya friji, chini ya sinki. Mende anakula, anarudi kwao, anafia huko, na wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake. Sumu inatembea. Kwangu siku ya tano niliona wanatembea mchana wakilewa, na baada ya wiki mbili nikafungua droo ya vijiko bila kuruka nyuma.

Jeli ina masharti mawili. Usipulize dawa karibu nayo, utaifanya inuke na hawataigusa. Na usiku usiache sufuria lenye ukoko wa ugali: mwenye ugali na mchuzi wa sato hali jeli.

Hivyo: mende mdogo, jeli, sina shaka. Mende mkubwa, saruji na wavu. Chaki kwa nyumba isiyo na mtoto, na hata hapo siipendi.

Sisimizi

Kwa wachache, kitambaa cha maji ya sabuni. Wanafuata harufu waliyoiacha wenzao. Ukiifuta njia, wamepotea. Kopo la sukari likae ndani ya sahani ya maji. Wakizidi, changanya nusu kijiko cha chai cha unga wa asidi ya boriki na vijiko vinane vya chai vya sukari kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, loweka pamba, iweke kwenye njia yao mbali na watoto na wanyama. Kishawishi ni kuongeza sumu ili wafe haraka. Ukiongeza, kibarua atafia njiani na malkia hatapata kitu. Waache wajae juu ya pamba siku mbili tatu, hata kama mgeni ataona. Wale wadogo sana wa manjano usiwapulizie kabisa, kundi lao likitishwa hugawanyika na utakuwa na makundi matatu.

Ghalani na kwenye dagaa

Kwa mahindi ya gunia kuna fukusi, mwenye pua ndefu, na dumuzi, anayeacha unga mwingi kuliko punje. Hapa chaguo ni kati ya dawa ya unga ya kuchanganya na nafaka na mifuko isiyopitisha hewa. Mimi ni wa mifuko. Wadudu wanamaliza oksijeni iliyomo na kufa bila mtu kula sumu. Ila mahindi yawe makavu hasa: tia kiganja chake kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, chumvi ikishika kwenye kioo rudisha mahindi juani. Unga wa dawa ni wa nafaka ambayo haijasagwa, tena kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kwenye mchele, unga au maharage ya wiki hii usiuguse.

Dagaa wana mdudu wao, mweusi mgumu, na mtoto wake ana manyoya. Hupenda dagaa wasiokauka vizuri. Nimewahi kusikia ushauri wa kuwanyunyizia dawa kidogo tu, na ushauri huo uishie hapohapo ulipotamkwa, kwa sababu dagaa hawaoshwi sumu ikaisha. Ukitoka soko la Mwaloni na kiroba chako, waanike tena siku moja hata kama muuzaji ameapa wamekauka, wachambue, watie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mwenye friza awagandishe siku nne mfululizo, kama umeme utaruhusu. Wangu wa mwezi uliopita nilichelewa kuwafungua. Nilipoinua mfuniko mkono wangu wote ulijaa manyoya yale. Kuku wa mama mwenye nyumba waliwamaliza kabla ya adhuhuri.